Jembe Likigonga Chungu cha Wankambo
Namna ya kulinda makaburi na vitu vya kale katika mashamba yetu



Mvua za kwanza zinakaribia. Kwetu Haut-Lomami, mwezi wa tisa na wa kumi njo miezi ya kufungua mashamba: kufyeka, kung'oa visiki, kuinua matuta, kuchimba mifereji ya kutoa maji. Na kila mwaka, wakati huo huo, tunapata habari zile zile kutoka kwa wanachama. Mmoja jembe lake limevunja chungu kilichokuwa chini ya udongo. Mwingine ameokota kipande cha shaba chenye umbo la msalaba. Wa tatu alikuwa anachimba udongo wa matofali, akakuta mifupa ya mtu, akaogopa, akafukia, hakumwambia hata jirani yake.

Katika gazeti letu tumezoea kuzungumza mbegu, nafasi kati ya mistari, magonjwa ya mihogo na bei ya mahindi. Mara hii tunazungumza vile vitu vya kale ambavyo jembe linakutana navyo. Tuna sababu mbili. Ya kwanza, vitu hivi ni historia yetu, na vikiisha kuharibiwa havirudi. Ya pili inagusa shamba lenyewe: mahali ambapo habari ya vitu vya kale imesambaa vibaya, watu wanakuja usiku na mapauro, wanaacha mashimo, udongo mzuri wa juu unazikwa chini, udongo mbaya wa chini unabaki juu, na mwenye shamba anapoteza mavuno na amani. Kwa hiyo kulinda mahali pa kale ni kulinda shamba pia.

Ni nini kimelala chini ya mashamba yetu?

Tuanze na bonde la Upemba, pale mto Lualaba unapopita kati ya maziwa na majani ya mafunjo, katika teritware za Bukama na Malemba-Nkulu. Mwaka 1957, mtafiti Mbelgiji Jacques Nenquin alichimba Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mwaka uliofuata Jean Hiernaux aliendelea na kazi hiyo. Mwaka 1974 Pierre de Maret alirudi Sanga, kisha akachimba mahali pengine katika bonde lile lile: Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Sanga peke yake kumechimbwa makaburi zaidi ya 150.

Yale makaburi yalionyesha kitu ambacho vitabu vya shule vya wakati wa ukoloni havikusema. Watu wanaolima na kufua chuma walikaa katika bonde hili tangu karne ya 7 hivi, na wakaendelea kukaa, kizazi juu ya kizazi, mpaka wakati wa ufalme wa Waluba na mpaka leo. Ni sehemu chache sana za Afrika ya kati ambapo mtu anaweza kufuata maisha ya watu wa mahali pamoja kwa zaidi ya miaka 1,000 bila kukatika. Sisi tunaolima hapo tunakanyaga kurasa za kitabu hicho kila asubuhi.

Katika makaburi ya kati ya karne ya 8 na ya 13, ambayo watafiti wanaita ya Kisale, kulikutwa vyungu vizuri sana, majembe ya chuma, mashoka, mikuki, visu, bangili na mikufu ya shaba, na vitu vya pembe ya ndovu. Kulikutwa pia simbi za Bahari ya Hindi, na bahari hiyo iko mbali na Kisale zaidi ya kilomita 1,000. Maana yake wankambo wetu walikuwa na biashara ya kupeana mkono kwa mkono mpaka pwani, miaka mingi kabla ya msafara wowote wa watu wa nje kufika huku.

Kuna mambo madogo yanayogusa moyo. Vyungu vingi havina alama ya kutumiwa, kwa hiyo inaonekana vilifinyangwa kwa ajili ya mazishi. Ukubwa wao ulifuata umri wa marehemu: mtoto mdogo alizikwa na vyungu vidogo, mtu mzima na vikubwa. Mama na baba waliompoteza mtoto miaka 900 iliyopita walikaa chini wakamfinyangia, au wakaagiza afinyangiwe, vyombo vya kumtosha mkononi. Kulikutwa pia majiko ya udongo ya kubebeka, yanayofanana na yale ambayo wavuvi wametumia hata siku za karibu kupikia ndani ya mtumbwi.

Kamilamba, ndani ya kaburi moja la zamani, marehemu alikuwa na shoka la heshima na nyundo ya kufulia chuma karibu na kichwa. Wazee wa Kiluba wanajua maana yake bila kuelezwa, kwa sababu shoka na nyundo ya mfua chuma ni alama za utawala mpaka katika desturi za mulopwe.

Baada ya karne ya 13 inakuja misalaba midogo ya shaba. Shaba yenyewe ilitoka kusini, kwenye machimbo ya Katanga. Mwanzoni misalaba ilikuwa mikubwa kidogo na iliwekwa juu ya kifua cha marehemu. Baadaye ikawa midogo na ya vipimo vinavyofanana, ikawekwa mikononi au karibu na kiuno. Watafiti wanaona hapo jinsi shaba ilivyogeuka kuwa feza ya kununua na kuuza. Mambo hayo yamejulikana kwa sababu misalaba ilikutwa bado iko mahali pake, kando ya mwili, na vyungu vyake pembeni. Kumbukeni neno hilo, tutalirudia.

Kwa nini viko katika mashamba mazuri?

Wanachama wanatuuliza: "Agronomu, bankambo balikosa fasi ingine ya kuzikana?" Jibu liko katika udongo na maji. Bonde la Upemba linajaa maji kila mwaka. Ardhi kavu ni kidogo: vilima vidogo na kingo zilizoinuka. Pale ambapo maji hayafiki, wankambo walijenga, walilima na walizika. Sisi nasi, kwa sababu zile zile, tumejenga na tunalima pale pale. Vijiji vingi vya leo vimekaa juu ya makaburi ya zamani. Mkulima anayechagua mahali pazuri anachagua kama mkulima wa miaka 1,000 iliyopita.

Tena, mahali ambapo watu walikaa muda mrefu, udongo unabadilika. Majivu, makaa, mifupa ya samaki, taka za jikoni, vyote vinauongezea chakula. Udongo unakuwa mweusi na mahindi yanasimama vizuri. Kwa hiyo, ndugu, ukiona kipande cheusi katikati ya shamba jekundu, furahia mavuno, lakini ujue pia kwamba huenda uko juu ya kijiji cha zamani.

Alama zingine za kuangalia ni hizi:

– vipande vingi vya vyungu mahali pamoja, hasa vyenye mapambo ya mistari au nukta;
– mavi ya chuma, yaani vipande vizito, vyeusi, vyenye matundu, vinavyobaki baada ya kuyeyusha chuma;
– mirija ya udongo uliochomwa, ambayo zamani iliingiza upepo wa mivukuto ndani ya tanuru;
– mawe ya kusagia yenye kishimo katikati;
– mahali ambapo wazee wanasema palikuwa kitenta, yaani makao ya mulopwe wa zamani, au kijiji kilichohamishwa.

Mambo haya hayako Upemba tu. Koperative za Kivu ya Kaskazini ziko jirani na Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edouard, ndani ya hifadhi ya Virunga. Hapo mwaka 1950 Jean de Heinzelin alikuta mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa makundi, wa miaka karibu 20,000. Leo dunia nzima inauzungumza kama moja ya alama za kwanza za binadamu kuhesabu, na umehifadhiwa Bruxelles. Mfupa ule haukung'aa, haukuwa dhahabu wala shaba. Mtu mwenye haraka angeutupa pamoja na majani.

Chungu kikitolewa ovyo kinakuwa bubu

Tunapofundisha habari ya udongo, tunachimba shimo na kuonyesha tabaka: ule mweusi wa juu, ule mwekundu wa kati, ule mgumu wa chini. Ukisoma tabaka unajua maji yanapita wapi na mizizi itafika wapi. Lakini mtu akichimba na kuchanganya yote, hata agronomu mwenye diploma hawezi kusoma tena.

Mahali pa kale ni vile vile. Mtafiti hasomi chungu peke yake. Anasoma chungu kiko kina gani, kimelala upande gani, kiko karibu na kichwa au na miguu, kuna makaa gani pembeni. Makaa yanaweza kupimwa ili kujua umri. Ukikitoa chungu, ukakiosha vizuri, ukakiweka nyumbani juu ya kabati, umebaki na chombo kizuri ambacho hakiwezi kusema ni cha nani, cha lini, na kwa nini kiliwekwa. Ile habari ya misalaba kugeuka feza isingejulikana hata kidogo kama misalaba yote ingekusanywa ndani ya mfuko mmoja na kuuzwa kwa kilo.

Ni nini kinaharibu zaidi?

Jembe la mkono peke yake haliharibu sana. Kawaida linashuka sentimita 10 mpaka 20. Hatari kubwa tunazoona ni zingine.

Ya kwanza ni kuchimba udongo wa matofali. Shimo la matofali linashuka mita moja na zaidi, na linapenda ule udongo wa kando ya maji ambao wazee waliupenda pia. Ya pili ni mashimo mengine marefu: vyoo, visima, mabwawa ya samaki, mifereji mikubwa. Ya tatu ni trakta yenye jembe la kupasua udongo wa chini. Plau ya kawaida inashuka sentimita 20 mpaka 30, lakini chombo cha kupasua kinashuka zaidi na kinavuta kila kitu. Ya nne ni miti yenye mizizi mirefu. Ya tano ni mvua yenyewe: shamba la mteremko lisilofunikwa linachukuliwa na maji, na kaburi lililokuwa salama linabaki nje, chini ya jua.

Ya sita ni kubomoa vichuguu. Tunajua kwamba wanachama wengi wanasambaza udongo wa kichuguu shambani, na ni mbolea nzuri. Lakini kabla ya kubomoa, zunguka kichuguu kwanza. Ukiona mavi ya chuma au mirija ya udongo uliochomwa, acha hicho, chukua kingine, kwa sababu wafua chuma wa zamani huenda walifanyia kazi hapo.

Ukikuta kitu cha kale, fanya hivi

1. Simamisha kazi mahali pale. Endelea kulima upande mwingine, siku yako isipotee.

2. Usitoe kitu, usikioshe, usikiunganishe. Kama chungu kimevunjika, vipande vibaki pale pale.

3. Kama ni mifupa ya mtu, usiiguse. Mwite mkuu wa kijiji kabla ya mwingine yeyote, kwa sababu mifupa inaweza kuwa ya zamani au ya juzi, na kazi ya kuamua si yako.

4. Ukiwa na telefone, piga picha mbili: moja ya karibu, ukiweka mpini wa jembe pembeni ili ukubwa uonekane, na moja ya mbali inayoonyesha mti au nyumba ya karibu. Usiweke picha hizo kwenye makundi ya WhatsApp. Picha ikizunguka leo, kesho utapata wageni usiku.

5. Funika tena kwa udongo ule ule uliotoka hapo. Weka alama inayojulikana na wewe na mashahidi wako, kwa mfano hatua ngapi kutoka kwenye mwembe. Usiweke bendera wala fimbo kubwa.

6. Peleka habari kwa katibu wa koperative na kwa mkuu wa kijiji. Wao wataipeleka kwa shefu na kwa biro ya msimamizi wa teritware, ambayo inaweza kuifikisha kwenye huduma ya utamaduni na sanaa ya jimbo na kwenye Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, ambako vitu vya Sanga vinajulikana vizuri.

7. Andika tarehe, jina la shamba, kina cha shimo na majina ya mashahidi wawili. Karatasi moja inatosha.

Labda utangoja muda mrefu. Barabara ni mbaya, biro hazina mafuta ya moto, watafiti ni wachache. Ndiyo maana hatua ya kufunika ni ya lazima. Kitu kilichongoja miaka 700 chini ya udongo kinaweza kungoja miaka mingine kumi bila shida. Kikikaa juu, hata mwezi mmoja ni mrefu: jua linakipasua, mbuzi wanakikanyaga, watoto wanakichezea.

Kulima juu ya mahali pa kale bila kuharibu

Wengi wanafikiri kulinda ni kuacha shamba lote. Hapana. Mara nyingi mahali penyewe ni kipande kidogo, na kinaweza kuendelea kulimwa kama tunachagua zao na namna ya kulima.

Kwenye kipande hicho panda mazao yasiyodai kuchimba: karanga, maharage, kunde, mboga, na mahindi yaliyopandwa kwa vishimo vya sentimita 5 mpaka 10 bila kugeuza udongo wote. Viazi vitamu vinaweza kwenda kama matuta yanainuliwa kwa udongo wa juu tu. Mihogo tunashauri iende upande mwingine, kwa sababu siku ya kung'oa inainua udongo wa sentimita 30 au 40 pamoja na kila kilichomo. Migomba pia: shimo lake la sentimita 60 linatosha kukata kaburi. Miti ya mbao, miembe, miavokado na michikichi ipandwe mbali.

Kwa mmomonyoko kuna jambo la kuangalia vizuri. Tumewafundisha kupanda vetivere kwenye mistari ya kukata mteremko, na tunaendelea kusema ni majani mazuri kabisa. Lakini mizizi yake inashuka wima mita mbili na zaidi. Kwa hiyo mstari wa vetivere upite juu ya mahali pa kale, usipite ndani yake. Utazuia maji kabla hayajafika, na hapo utakuwa umelinda mara mbili. Ndani ya kipande chenyewe funika udongo kwa mabua ya mahindi, majani makavu au mukuna. Usichome. Udongo uliofunikwa hauchukuliwi na mvua, unashika unyevu, na mavuno ya kipande hicho yanaweza kupita ya jirani.

Kama mmekodi trakta, tembeeni shambani na dereva kabla hajawasha. Mwonyeshe kipande cha kukwepa, na iandikwe katika mapatano kwamba hapo haingii. Mawe yaliyopangwa kwa duara au kwa mstari yasichukuliwe kujengea, na mashimo ya matofali yawe mahali ambapo mkuu wa kijiji na wazee wamekubali.

"Shamba haitabebwa?"

Katika kikao kimoja mama mmoja alisimama akatuuliza mbele ya watu wote: "Kama tunasema tuliona kitu, shamba haitabebwa?" Watu wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na swali hilo hilo. Hatutaki kulijibu kwa maneno matamu tu.

Sheria inasema hivi. Ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 inalinda vitu vya utamaduni wa nchi. Kuchimba kwa kutafuta vitu vya kale kunahitaji ruhusa ya Serikali, mtu aliyekuta kitu bila kutafuta anapaswa kutangaza kwa wakubwa, na vitu hivyo haviuzwi nje ya nchi ovyo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 nayo inasema udongo ni mali ya Serikali, na sisi tunao haki ya kuutumia. Hayo yalikuwa kweli kabla ya jembe kugonga chungu, na yatabaki kweli baadaye.

Kutangaza chungu si sawa na kutoa shamba. Ili mahali pawekwe rasmi chini ya ulinzi wa Serikali, kuna njia ya kufuata na uamuzi wa kuandikwa. Haitokei kwa sababu mkulima mmoja alipeleka habari. Lakini hofu ya wanachama ina mizizi, kwa sababu wengi wameona ardhi ikibadilisha mwenyewe kwa karatasi ambazo hawakuzisoma. Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Usiende kutangaza peke yako: iende koperative. Tangazo liwe la kuandikwa, na nakala moja yenye muhuri ibaki kwenu. Na katika tangazo lenyewe iandikwe nani analima hapo, tangu mwaka gani, na mipaka ni ipi. Karatasi hiyo inalinda mahali pa kale, na inakuwa pia shahidi wako kwamba wewe njo mlimaji wa pale.

Wanunuzi wa usiku

Kijana mmoja alitusemea bila kuficha: "Bale banunuzi banakuyaka na moto, banatoa franka mara moja. Serikali yeye anakuyaka siku gani?" Swali lake ni la haki. Mtu mwenye mtoto mgonjwa na msalaba wa shaba mkononi hawezi kulishwa na hotuba juu ya urithi.

Hata hivyo tuhesabu pamoja, kama tunavyohesabu gharama za mahindi. Mnunuzi anatoa pesa kidogo mara moja, na yeye anajua atauza kwa bei gani, wewe hujui. Ili upate chungu kimoja kizima, unavunja vingine. Ili kufika kwenye kaburi, unageuza udongo wa juu uliojengwa kwa miaka, na kipande hicho kinaweza kudai misimu kadhaa ya samadi na mukuna kabla hakijarudi katika nguvu yake. Anayeuza anavunja sheria na hana risiti, kwa hiyo akikamatwa au akidanganywa hana pa kulalamika. Na mnunuzi akishajua kijiji, hawezi kuja mara moja tu. Msimu ujao mashimo yatakuwa katika shamba la jirani yako, na jirani atauliza nani aliwaleta.

Juu ya yote, vile vitu viliwekwa mikononi mwa marehemu. Katika vijiji vyetu hakuna mtu ambaye angefungua kaburi la babu yake ili auze bangili. Muzee mmoja wa kando ya Kisale alisema mbele yetu: "Ule mutu ndani ya kaburi hatumujue jina. Lakini sisi njo batu bake." Hatuna cha kuongeza hapo.

Koperative inaweza kufanya nini msimu huu?

Mtu mmoja hawezi kulinda peke yake, lakini koperative ina vikao, kamati na kitabu cha PV. Tunapendekeza mambo yafuatayo, na yote hayadai feza nyingi.

Kwanza, kabla ya kulima, kaeni na wazee nusu siku moja. Waulize kijiji cha zamani kilikuwa wapi, wafua chuma walikaa wapi, malalo ya wakubwa yako upande gani. Andikeni. Wazee wanaondoka kila mwaka, na hiyo habari haiko Lubumbashi wala Kinshasa.

Pili, chukueni ramani ya mashamba ambayo tulichora pamoja kwa ajili ya mbegu, mpake rangi vipande vya kulinda. Ramani hiyo ibaki kwa katibu, isibandikwe ukutani.

Tatu, ingizeni katika sheria za ndani za koperative kifungu kimoja kifupi: mwanachama akikuta kitu cha kale anafunika na kutoa habari, na hakuna mwanachama anayeuza. Kifungu hicho kiseme pia kwamba mwanachama aliyeacha kipande cha kupanda mihogo au kuchoma matofali kwa sababu ya kulinda, koperative itamtafutia kipande kingine au itampa mbegu za karanga na maharage kwanza. Ulinzi usiwe mzigo wa mtu mmoja wakati faida ni ya wote.

Nne, waambieni watoto. Mwalimu anaweza kuwapeleka kuangalia vipande vya vyungu vilivyo juu ya ardhi bila kuchimba. Mtoto anayejua kwamba kwao Kisale watu walifua chuma, walivua samaki na kufanya biashara mpaka pwani tangu miaka 1,000, hatakubali kirahisi mtu amwambie kwamba kwao hakuna historia.

Sisi, waagronomu wenu, tutapita katika koperative zote kabla ya kupanda. Katika kila ziara tutatembea pamoja kwenye vipande hivyo, tutapanga mazao ya kuviwekea, na tutawasaidia kuandika tangazo kama kuna la kuandika. Tunaomba jambo hili liingie katika ajenda ya kikao chenu kijacho, baada ya mbegu na kabla ya michango. Mleteni muzee mmoja anayejua mahali, na kijana mmoja mwenye telefone.